Usiku upange, mchana uache wenyewe: Ulaya kwa treni nikiwa peke yangu

Kila nikisema nilizunguka Ulaya kwa treni swali la kwanza ni "ulikuwa na nani?" nikijibu nilikuwa mwenyewe linakuja la pili, "hukuogopa?" Na wanaouliza hivyo wengi ni wadada wenzangu, wa umri wangu na wadogo zangu, ambao nao wanatamani kwenda ila kuna mtu ameshawaambia msichana hatembei peke yake nchi za watu. Basi leo nimekaa niandike kwa kirefu, maana nimechoka kujibu nusu nusu kwenye simu, na pia nilipokuwa najiandaa nilitafuta msichana wa kwetu aliyeandika haya mambo kwa Kiswahili sikumpata, nilichopata ni maelezo ya watu ambao pasipoti zao hazisimamishwi popote na ambao hawana haja ya kufikiria nani atawasuka wakiwa njiani.

Uoga ulikuwepo, sitadanganya. Ila nilivyojichunguza nikagundua uoga wangu wote ni wa usiku. Mchana, watu wamejaa, maduka wazi, mi naweza kupotea masaa matatu nisihisi kitu. Kinachotisha ni kufika mji usioujua saa sita usiku, simu inakaribia kuzima, hujui ulale wapi. Kwa hiyo nikajiwekea utaratibu, kila siku kabla sijapanda treni ya kwanza lazima niwe najua vitu vitatu: nalala wapi, nafika saa ngapi, na kutoka stesheni mpaka kitandani napita njia gani. Hivyo vitatu vikishakaa sawa, mchana wote nauachia uende unavyotaka, nikiona mlima nashuka, nikichoka nalala kwenye siti, sina ratiba. Huo ndo uhuru wenyewe nilioupata na nautetea mbele ya mtu yeyote, maana watu wanadhani kuwa huru ni kutopanga kitu, kwa msichana aliye peke yake mi naona ni kinyume chake kabisa, ukishapanga usiku ndo mchana unakuwa wako.

Mimi nimekulia Tabora na mtoto wa Tabora treni siyo kitu kigeni. Pale ndo reli inagawanyika, moja inakwenda Kigoma nyingine Mwanza, na babu yangu mzaa mama alifanya kazi reli, kwenye magenge ya kutengeneza njia. Reli ya Kati Wajerumani waliianza Dar mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma 1914, na sisi utotoni tukienda Dar likizo tulikuwa tunapanda daraja la tatu, unalala umekaa, ukifika Saranda unaamshwa na kelele za watu wanaouza kuku madirishani. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma Leipzig, hapo Ujerumani, na likizo ya kiangazi ikafika, sikuwaza ndege hata kidogo. Niliwaza behewa na dirisha.

Kwanza pasi ya treni maana hapa watu wengi wanachanganyikiwa. Zipo mbili, Interrail na Eurail. Interrail ni kwa watu wanaoishi Ulaya, hata kama we ni Mtanzania au Mkenya, ukiwa na kibali cha kukaa huku unanunua hiyo. Eurail ni kwa anayetoka nje, mfano anakuja kutoka Dar au Nairobi kwa visa ya kutembea. Zote zinafanya kazi nchi 33, na ukiwa na miaka 27 kushuka chini bei ni ya vijana. Mi nilichukua ile ya siku chache za kusafiri ndani ya mwezi mmoja, yani siyo lazima upande treni kila siku, unachagua siku zako, na siku moja inahesabiwa kuanzia saa sita usiku mpaka saa sita usiku inayofuata, ndani ya hapo panda treni hata kumi ukitaka. Ukipanda treni ya usiku kabla ya saa sita na hubadilishi njiani inahesabiwa ile siku uliyoondokea tu. Yote iko kwenye simu, unaingiza safari yako kwenye aplikesheni, inatoa msimbo kondakta anauskani, kwa hiyo pawabenki ni kitu cha lazima kama pasipoti.

Afu jua hili, pasi siyo kwamba kila treni unaingia tu. Ujerumani, Austria, Uswisi, Ubelgiji na Uholanzi treni nyingi unapanda bila kuweka siti, ila Ufaransa, Italia na Hispania treni za kasi lazima ulipie siti juu ya pasi yako, na Ufaransa siti za watu wa pasi zina idadi maalum, zikiisha zimeisha hata kama behewa lina nafasi. Ndo maana mi nilitumia siku nyingi upande wa nchi za mwanzo na huko kwingine nikapanga mapema.

Nikupe mfano wa mchana ulioachiwa. Siku ya kutoka Dresden kwenda Prague treni inafuata mto Elbe, na kabla ya mpaka wa Czech yanaanza kutokea majabali ya mchanga marefu yamesimama wima juu ya miti, sikuwahi kuona mawe ya namna ile. Nilikuwa na kitanda changu Prague kimeshalipiwa na nilijua treni ziendazo huko zinapita kila baada ya masaa mawili. Basi treni ilivyosimama Bad Schandau nikashuka. Hivyo tu. Stesheni iko upande mmoja wa mto na mji upande mwingine, unavuka kwa kivuko kidogo, nikavuka, nikanunua mkate na jibini nikakaa ukingoni miguu imening'inia mpaka jua likaanza kulegea, nikarudi nikapanda treni nyingine, Prague nikafika bado mwanga wa kutosha. Ningekuwa na mtu tungeanza kujadiliana tushuke tusishuke mpaka mlango ufunge.

Hapo kwenye mwanga pana jambo mtu wa kwetu anatakiwa alielewe vizuri. Sisi jua linazama kati ya saa kumi na mbili na kitu na saa moja jioni mwaka mzima, umezoea hivyo toka umezaliwa, sasa huku mwezi wa sita Paris jua linazama karibu saa nne usiku, yani ukifika saa mbili usiku watoto wanacheza nje. Lakini Desemba mji huo huo saa kumi na moja jioni giza linaingia. Kwa hiyo ukisoma ushauri wa mtu anasema "mimi nilifika saa moja jioni kuko poa tu" uliza kwanza alikwenda mwezi gani. Mi kila mji nilikuwa naangalia saa ya jua kuzama kwanza ndo nachagua treni.

Kuhusu hosteli nitasema kwa kifupi: nilikuwa nachukua chumba cha wanawake tu, mara nyingi kinazidi bei kidogo na hiyo hela siioni kama hasara. Nasoma maoni ya wanawake waliolala pale peke yao, hayo ndo yanakwambia kama barabara ya kutoka stesheni ina taa, kama mapokezi kuna mtu usiku kucha, kama bafu linafungwa kwa ndani. Picha za vitanda hazikwambii hayo. Na stesheni kubwa zina pande mbili, upande mmoja unaweza kutokea uwanja mzuri wenye taa na tramu na upande wa pili ukatokea kwenye kona za walevi, kwa hiyo siyo tu umbali, angalia unatokea mlango gani.

Usiku ambao mama yangu aliuogopa kuliko zote ulikuwa wa treni ya kulala, Vienna mpaka Zürich. Nilimpigia nikiwa platifomu, akaniambia "mwanangu, unalala chumba kimoja na watu usiowajua?" nikamwambia mama, ni chumba cha wanawake watupu, na ni kweli, treni za Nightjet ukikata tiketi ya behewa la vitanda unachagua chumba cha wanawake tu. Mama akanyamaza kidogo akasema basi funga mlango, nikifika Zürich nimpigie kabla sijanywa hata chai.

Chumbani tulikuwa na bibi mmoja wa Austria anaenda kumuona mjukuu, wasichana wawili wanafunzi wa Kikorea, na mimi. Bibi ndo alikuwa mwenyeji wetu, hajui Kiingereza sana na Kijerumani changu kilikuwa bado cha darasani ila alituonyesha kila kitu kwa mikono: mlango una loki ya kawaida afu una kikomeo kingine cha ziada ambacho mtu wa nje hata akiwa na ufunguo hafungui zaidi ya upenyo mdogo, mabegi tuyapandishe pale juu ya mlango, viatu tuvisukume chini kabisa. Muhudumu akapita akachukua tiketi zetu, akasema atatugongea asubuhi na kifungua kinywa. Mi nikapanda kitanda cha juu, nikatandika kanga moja nikajifunika nyingine juu ya blanketi lao, pasipoti na hela viko kwenye kifuko kifuani ndani ya nguo, simu chini ya mto. Nilidhani sitalala. Treni ikaondoka Vienna, ule mlio wa magurudumu kwenye maungio ya reli ukaanza, na huo mlio mi nimelala nao toka nina miaka minne. Nililala fofofo.

Niliamka tupo pembeni ya ziwa Walensee, maji ya kijani, milima imepanda moja kwa moja kutoka majini, bibi ameshachana nywele anatugawia tufaha. Kahawa na mikate miwili midogo na jamu vikaja. Nilipompigia mama akauliza nimelala vipi nikamwambia usingizi mzito, akacheka mpaka akalia. Kwa anayetaka kuwa mwenyewe kabisa, kuna Nightjet mpya zilizoanza mwisho wa 2023 zina vijichumba vya mtu mmoja unajifungia kama kabati, mi sijavilalia lakini kwa msichana anayesafiri peke yake naona wamewaza vizuri.

Uswisi ni ghali, hamna haja ya kuzunguka hilo. Zürich nilikunywa maji ya chemchemi za mtaani, ziko zaidi ya 1,200 na maji yake safi, nikala mikate ya supamaketi. Na zima intaneti ya simu kabla ya kuvuka, maana bando la nchi za Umoja wa Ulaya linafanya kazi nchi zote za Umoja ila Uswisi haimo, unaweza kukatwa hela zote kabla hujatoka stesheni. Ramani nilikuwa nimezipakua usiku uliopita.

Lakini Uswisi ndo nilipopata siku bora ya safari nzima na ngoja niisimulie taratibu. Kutoka mji wa Chur kuna reli inapanda milima ya Alps mpaka Tirano, Italia. Watalii wanaijua kwa jina la Bernina Express, ile yenye madirisha mpaka kwenye paa, ambayo lazima ulipie siti. Kitu ambacho hawakitangazi sana ni kwamba treni za kawaida za wenyeji zinapita reli hiyo hiyo, milima ile ile, pasi ya Interrail inatosha, hulipi siti, na kwenye baadhi ya mabehewa dirisha unaweza kulishusha upepo wa barafu ukakupiga usoni. Nikapanda hiyo.

Nikiwa Chur nasubiri niliangalia chini kwenye njia, nikaangalia tena. Zile reli ni nyembamba. Ni upana wa mita 1, sawasawa na Reli ya Kati ya kwetu ya zamani, ile babu aliyoitengeneza kwa mikono yake. Miji yote niliyopita kabla ya hapo reli ni pana na sasa hapa katikati ya Alps nakuta upana wa Tabora. Nilipiga picha nikamtumia mjomba amuonyeshe babu, babu akajibu kwa sauti, anauliza mataruma yao, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli, ni ya mbao au ya chuma, na kona zao zimebana kiasi gani, nikawa naingia na kutoka behewani kila tukisimama nikimpigia picha za mataruma. Mzungu mmoja pale alinishangaa kwanini napiga picha chini wakati milima iko juu.

Treni inapanda mpaka Ospizio Bernina, mita 2,253 juu ya usawa wa bahari, inapanda kwa magurudumu yake tu bila meno ya kushikia, afu inaanza kuteremka kona kwa kona mpaka Tirano ambako ni mita 429. Reli hii ilikamilika 1910, wakati ule ule Reli ya Kati nayo inasukumwa kwenda Tabora, na 2008 UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia. Nilishuka Alp Grüm. Ni stesheni ya juu sana, nyumba moja ya mawe, mbele yako barafu ya mlima Palü inaning'inia na chini bonde zima la Poschiavo mpaka kwenye ziwa. Nilikaa nje kwenye ukuta nimejifunga kanga juu ya sweta. Hapo nilikaa muda mrefu sana, treni moja ikapita, nyingine ikapita, hamna aliyeniharakisha. Karibu na Brusio reli inazunguka kwenye daraja la duara, treni inapita juu afu inazunguka inapita chini ya ile njia iliyotoka, nikaona behewa letu la mwisho bado liko kwenye kona, juu kidogo kuliko sisi. Tirano treni inapita katikati ya mtaa kama daladala, afu kutoka hapo treni ya Italia inakupeleka Milano ukiwa pembeni ya ziwa Como.

Milano sina mengi. Stesheni yake ya Centrale ilifunguliwa 1931, kubwa, ya kifahari, na pale kwenye mashine za tiketi kuna watu wanakuja "kukusaidia" wakati hujaomba. Usisimame kujieleza, sema no na uendelee kutembea, mwenye sare ndo wa kumuuliza. Na ukikata tiketi ya karatasi ya treni za mikoa Italia ipige muhuri kwenye kile kimashine kabla ya kupanda, faini hazina huruma.

Sasa la mipakani. Watu watakwambia Schengen, yani zile nchi za Ulaya unazozunguka kwa visa moja, hakuna mpaka, unapita tu. Kwenye karatasi ni kweli, ila Ufaransa ilirudisha ukaguzi tangu 2015 na Ujerumani tangu Septemba 2024 inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu, na ukaguzi wa kwenye treni unafanywa na binadamu wanaochagua nani wa kumuuliza. Kwenye mpaka mmoja askari waliingia behewa letu, watu kama hamsini, wakapita wakaja moja kwa moja kwangu. Mtu mweusi nilikuwa peke yangu. Niliumia, naandika hapa bado naumia. Nikatoa pasipoti na kadi ya kibali cha kukaa, zote nilikuwa nazo mwilini siyo kwenye begi la juu, nikampa nikiwa nimekaa, nikamwangalia usoni, nikamuuliza kwa adabu kama wanakagua behewa zima. Hakujibu. Mama mtu mzima aliyekaa mbele yangu, hatujawahi kusemeshana toka tumepanda, akafungua mkoba akatoa kitambulisho chake akamnyooshea yule askari, "na mimi nikague." Afu mzee wa pembeni naye akatoa cha kwake. Askari akaangalia vile vitambulisho, akanirudishia vyangu akaondoka.

Kwa hiyo pasipoti iwe yenyewe siyo picha ya kwenye simu, na iwe mwilini. Mi niliongezea barua ya chuo na karatasi ya hosteli ninayokwenda kulala, nimezichapisha. Sikuombwa ila kuzijua zipo kulinifanya mikono isitetemeke. Haki siyo kwamba ubebe makaratasi zaidi ya wenzako, najua, na sitaki mtu aseme nimekubali, ila nataka mdogo wangu akikutwa na hilo awe ametulia.

Baada ya Italia niliingia Ufaransa, na kutoka Marseille treni ya kasi ilinifikisha Paris kwa saa tatu na kidogo, kama kilomita 750, na Paris nakukumbusha ina stesheni kubwa nyingi na hazijaungana, unafika Gare de Lyon lakini ya kwenda Ubelgiji iko Gare du Nord, metro ya kati yake unalipa mwenyewe pasi haihusiki, weka nafasi ya saa zima. Nikaenda Brussels.

Brussels ndo nilipoacha kujihisi mgeni. Karibu na Porte de Namur kuna mtaa unaitwa Matonge, umepewa jina la mtaa wa Kinshasa, maduka ya vitenge, saluni, samaki wakavu, mihogo. Nilikuwa na rasta zangu nilizosuka kabla ya kuondoka zimeanza kufumka kwa mbele, nikaingia saluni moja nikauliza bei kwa Kifaransa cha kuunga unga, nyuma yangu nikasikia wamama wawili wanaongea Kiswahili, cha Bukavu, Kongo. Nikageuka nikawaamkia shikamoo. Yule mkubwa akapiga makofi, "Mutoto yangu! Unatokea fasi gani?" Nikamwambia Tabora, Tanzania, natembea na treni. "Peke yako? Bazazi bako banajua?" Nikasema wanajua, mama nampigia kila usiku. Hakuridhika mpaka akaongea naye mwenyewe, nikapiga video, wakaongea dakika ngapi sijui, Kiswahili cha Bukavu na cha Tabora, wakielewana kabisa, mimi nashonwa nywele za mbele. Hela ya kusuka alikataa. Akaagiza sombe, yani kisamvu, na samaki duka la jirani, tukala hapo hapo saluni na mikono.

Na ilikuwa vizuri nilivyoshiba maana usiku uliofuata ndo ule mpango wangu ulipimwa kweli. Nilikuwa nimeshaingia Ujerumani narudi zangu Leipzig, treni ikasimama porini, tatizo la njia, tukakaa mpaka jua likazama, tulipofika mji wa kubadilishia treni ya mwisho ilishaondoka. Saa tano na nusu usiku. Huo ndo usiku ambao sikuupanga, lakini nilikuwa naijua sheria. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya treni ikichelewa ukashindwa kuendelea siku ile, kampuni inatakiwa ikutafutie pa kulala na usafiri wa kufika hapo, bila wewe kulipa, na ukichelewa saa 1 unadai robo ya nauli, saa 2 nusu yake. Watu wengi walitawanyika kwa hasira, wengine wakakaa kwenye mabenchi. Mi nikiwa bado ndani nilimfuata kondakta akathibitisha kwa maandishi kwamba treni imechelewa, tulivyoshuka nikaenda dirisha la maulizo, mbele yangu kuna wadada watatu hawajuani, kila mmoja mwenyewe. Tukaamua tukae pamoja. Ilichukua muda na ilibidi kusema tena na tena lakini hoteli tulipewa na teksi moja wote wanne, nikampigia mama nikiwa kwenye teksi.

Ningekosa hoteli nilikuwa na mlango mwingine kichwani na huu nataka kila msichana anayekuja Ujerumani aujue. Kwenye stesheni kubwa karibu 100 kuna chumba kimeandikwa Bahnhofsmission, watu wake wanavaa vizibao vya bluu, ni huduma ya makanisa lakini hawakuulizi dini, unaingia bure, unapewa chai, wanakusaidia kupiga simu, wanakusindikiza mpaka platifomu. Zisizofunga usiku ni chache, kwa hiyo angalia mapema ya mji unaopita. Ya kwanza ilianzishwa Berlin 1894, na ilianzishwa kwa ajili ya wasichana waliokuwa wanakuja mjini na treni kutafuta kazi, wanashuka hawajui mtu, wanasubiriwa na watu wabaya. Yani zaidi ya miaka mia iliyopita mtu alimuona msichana ameshuka na kifurushi chake peke yake akaona hapa panatakiwa mlango uliofunguliwa. Niliposoma hilo nilikaa kimya muda. Na namba ya dharura ni 112, nchi zote za Umoja wa Ulaya, hata simu haina salio.

Begi langu lilikuwa dogo la mgongoni, nilipimia kwa kitu kimoja: naweza kupanda nalo ngazi za stesheni bila kuomba msaada wa mwanaume. Kanga mbili ndo zilifanya kazi zote, shuka, taulo, pazia la kitanda hostelini, kilemba, kitu cha kukalia. Kufuli dogo la makabati. Malapa ya bafuni. Pedi nenda nazo za mwezi mzima, siku ya Jumapili Ujerumani na Austria maduka mengi yamefungwa, yaliyo wazi mara nyingi ni yale ya ndani ya stesheni na bei zake ni za ndani ya stesheni. Na sarafu za euro za vyoo, huku unalipia.

Kwa mnaokuja kutoka nyumbani na visa, yapo matatu. Unaomba kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, zikilingana basi ile utakayoingilia, ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima iwe ya euro 30,000 kwenda juu. La pili, omba ya kuingia zaidi ya mara moja kama unawaza kuchomoka kwenda London au Serbia, ukitoka Schengen na visa ya mara moja hurudi. La tatu wanataka kuona pa kulala kwa kipindi chote, kwa hiyo tafuta hosteli zinazoruhusu kughairi bila kukatwa. Binti wa mama mdogo anaomba yake sasa hivi, juzi tumekaa naye tukajaza vituo vyote kwenye daftari, Chur mpaka Tirano nimemwambia apange treni ya asubuhi kabisa, maana zinapita kila saa na najua pale Alp Grüm atashuka.